Kijiti cha Oili

Walilisukuma toka Cheyo, watoto sita wa Kidato cha Pili,
Kapela mtunza uwanja akishika usukani
kama anayeongoza jeneza asilotaka lifike.
Trekta dogo la kukatia majani, kijani kilichopauka,
kiti kimeshonwa kwa gunia la kufungia tumbaku.
Mali chakavu, la mnadani. Hakuna aliyeuliza linaumwa nini.

"Linavuta sigara," mtoto mmoja akasema, wenzake wakacheka.
Kapela hakucheka.

Nikaliwasha.
Moshi ukafunika gereji, ukamfunika mama wa karanga
ng'ambo ya barabara,
ukapanda hadi kwenye nyaya za umeme ukakaa pale.
Nilisubiri ufike juani niione rangi yake.

Maana moshi una lahaja zake.
Mweusi ni mlafi: petroli nyingi, hewa haba,
fungua chujio, kung'uta vumbi letu jekundu, umemaliza.
Mweupe unaoyeyuka upesi ni maji, pengine umande tu
wa usiku wa Juni; usimtoze mtu hela kwa umande.
Huu ulikuwa wa buluu,
buluu ya shati la shule lililofuliwa mwaka mzima,
na ulinata kooni.
Oili inaungua.

Nikasema kwa haraka (haraka yangu naijua,
hunijia mwisho wa mwezi, kodi ya fremu ikinikaribia):
"Ringi zimekwisha. Tunashusha injini. Ovahoo."
Nikataja bei.
Kapela akatazama viatu vyake.
Trekta si lake,
lakini ndiye aliyemshawishi mkuu wa shule alinunue.

Usiku nililala na ile bei. Haikuniachia nafasi kitandani.

Asubuhi nikaanza upya, kama mwanafunzi.
Plagi: imelowa, nyeusi, inanuka.
Nikaziba tundu lake kwa kidole gumba, Doto akazungusha injini.
Pumzi ikanitupa kidole. Nikakirudisha. Ikakitupa tena.
Injini iliyokwisha ringi haina kiburi kile.

Ndipo nikachomoa kijiti cha oili,
kitu ambacho jana kingekuwa cha kwanza.
Alama ya juu imezama, oili imeipita vidole viwili,
nyepesi kama chai ya rangi.
Nikanusa: petroli.

"Kapela, oili unaongeza lini?"
"Kila asubuhi," akajibu, na kifua kikapanda kidogo.
"Kifuniko kimoja kabla ya kuwasha.
Lilipoanza moshi nikajua lina kiu. Nikafanya viwili."

Wiki mbili akikinywesha kitu kinachozama.
Na usiku, sindano ya floti imelika, kabureta inavuja kimyakimya,
petroli inashuka tumboni tone kwa tone
kuisubiri huruma ya asubuhi.

Nilikinga beseni. Lita mbili na ushee
katika injini ya lita moja na nusu.
Sindano niliitoa kwenye jenereta lililokufa,
nikaibembeleza kwa msasa mpaka ikakubali.
Nikaweka koki: jioni funga, asubuhi fungua.

Tukaliwasha, na moshi ukatoka uleule.
Uso wa Kapela sitaki kuueleza.
"Subiri," nikamwambia, "linakohoa ya zamani."
Dakika tano. Kumi.
Mama wa karanga akaanza kurudi: kilemba kwanza,
kisha bega, kisha mkono unaohesabu chenji.

Nilitoza sindano, oili na koki.
Bei ya jana hatukuitaja, mimi wala yeye;
ilikaa nasi benchini mpaka alipoondoka.

Jumamosi nilipita karibu na uwanja.
Kapela anachomoa kijiti, anakifuta kwa mkono wa shati,
anakichovya, anakiinua juani, anakirudisha.
Galoni la oili lipo mkono wa kushoto. Hakulifungua.
Akapanda nalo vivyo hivyo, akalipakata,
akazunguka nalo uwanja mzima.