Waya wa Manjano

Fundi wa Mwembe Tayari alitaka elfu nne na mia tano,
na chai juu yake. Nikamwambia mikono ninayo.
Jumamosi nikaiegesha Probox
kivulini mwa ukuta wa madrasa, hapa Kisauni,
nikatandika gazeti kitini,
nikapanga bisibisi mbili, koleo, tepu nyeusi,
na kisu cha jikoni ambacho Rukiya hajui kimetoka.

Gari lilikuja na redio yake kutoka Japani.
Miaka mitatu limenibeba bila kunielewa:
stesheni zetu ziko juu ya tisini,
sikio lake lafika tisini, lakoma.
Na ile ramani, we!
Niko Kongowea, nyuma ya mkokoteni wa vitunguu,
kioo chasema niko majini, buluu tupu,
na mwanamke mle ndani ananisihi kwa adabu
nifanye jambo, sijui lipi.
Nilizoea kumjibu: haya mama, nimesikia.

Plastiki ya dashibodi hung'oka kwa subira.
Kak! Moyo ukaruka. Kak! Ikaachia.
Nyuma mlikuwa na vumbi la nchi mbili,
pini ya nywele, sarafu yenye tundu katikati,
na nyaya zimelala kama tambi za futari.

Kabla ya kuchomoa soketi nikabonyeza, basi tu,
kile kitufe chenye picha ya nyumba.
Mshale ukazunguka, ukazunguka,
ukatulia mashariki, juu ya paa la kina Chengo.
Mwanamke akasema sentensi moja, fupi.
Kumbe palikuwa na mtu
akitoka kazini akibonyeza hapa, akirudishwa.
Nikachomoa.

Kifaa kipya nilikinunua Barabara ya Digo.
Nikaunga rangi kwa rangi, nilivyoona ni haki.
Sauti ya kwanza kutoka: tangazo la msiba,
maziko ni Kikowani baada ya alasiri.
Nikaitikia inna lillahi, nikacheka kwa furaha ya waya,
nikaona haya kucheka.

Kisha skrini ikauliza: nyumbani ni wapi?
Hapo pana kazi. Uchochoro wetu hauna jina.
Sisi husema: pita kinu kilichokufa,
pinda penye mlango wa kijani,
ambao ulipakwa buluu tangu mwaka juzi
lakini bado ni wa kijani.
Nikaweka kidole, nikaandika KWETU.

Asubuhi nazungusha ufunguo, hakijui.
Saa sifuri. Stesheni hakuna. Kwetu hakuna.
Naandika tena; jioni kimesahau.
Siku nne tukapeana majina kama wageni.

Zamzam wa jirani, asomaye umeme chuoni Tudor,
akaingiza kichwa dirishani, mhamri mkononi:
"Rangi za Toyota si rangi za dukani, mjomba.
Wa manjano haulali. Gari likizimwa
wenyewe hukesha na kumbukumbu.
Mwekundu ni kibarua: ufunguo ukitoka, naye katoka.
Wewe umempa kibarua zamu ya usiku."
Akabadilisha, akazungusha tepu,
hakutaka pesa; alitaka lifti hadi Likoni, Ijumaa.

Ijumaa kivukoni kifaa kikaamuru: nenda moja kwa moja.
Mbele ni maji, na feri iko ng'ambo.
"Kinakuona una imani," alisema Zamzam, akashuka.

Ile ya zamani sijaitupa.
Iko juu ya kabati, kando ya kopo la sukari,
Rukiya kaifunika kitambaa cha kufuma
akilalamika.
Haina umeme, haina waya wa kukesha nao.
Usiku nikienda kunywa maji
huigeuza kidogo, uso uelekee kwa kina Chengo.
Sijui kama bado inaijua njia.