Kilo Ishirini na Tatu

Tumelitundika sanduku lako kwenye ndoano bandani,
kwenye mizani ile ile ya kupimia wanakondoo,
likazunguka polepole, magurudumu hewani.
Ishirini na sita na nusu.
"Baba, ndege haitaki kondoo," ukasema,
ukalishusha, ukalifungua juu ya majani makavu,
tukaanza kuhukumu.

Viatu vya mvua: vibaki.
Huko milima ya Jura, umeniambia, huanguka theluji,
na theluji ina viatu vyake.
Kamusi nene ya shangazi Mererid: ibaki.
(Uliiomba radhi kabla ya kuiweka chini.)
Chai, pakiti tatu: ziende.
Hapo hukuniuliza.

Kuna bahasha ya plastiki usiyoiacha hata ukienda chooni:
cheti cha kuzaliwa, na tafsiri yake,
na muhuri juu ya tafsiri,
na barua ya mwenye muhuri kuthibitisha kuwa muhuri ni wake.
Pauni arobaini na tano ili Wafaransa waamini
kwamba ulizaliwa.
Mimi nilikuwepo. Ilikuwa Jumanne,
barabara ya Dolgellau imefungwa kwa barafu.
Ningewaandikia bure.

Na ile fomu. Niliiona mezani, chini ya kikombe.
Lugha ya mama: ukajaza Kiingereza,
wino mweusi, herufi kubwa, kama walivyoagiza.
Mama yako alikuwa anapiga pasi. Hakuacha kupiga pasi.
Akasema, kwa lugha aliyokunyonyesha nayo,
"Lo, kumbe mimi Mwingereza, na hakuna aliyeniambia."
Tukacheka sote, wewe kutuzidi,
kisha ukapanda juu, ukakaa bafuni muda mrefu,
maji yakimwagika.

Wapo watakaosema mwacha asili ni mtumwa.
Na waje walipe nauli.
Hakuna shule kule milimani iliyotangaza
kwamba inatafuta msaidizi wa Kiwelisi,
saa kumi na mbili kwa wiki, miezi saba,
chumba juu ya duka la jibini.
Ulimi hauna mfupa, Heledd.
Upinde unapolipwa. Utanyooka ukipiga simu.

Jana usiku ulinifanya mwanafunzi.
Ukasema: wewe ni Théo, una miaka kumi na mitatu,
na hutaki kuwa hapa.
Nikakaa kiti cha nyuma, karibu na jokofu,
nikakurushia ganda la chungwa.
Ukasimama na picha zako: kituo cha treni,
nyumba yetu, mbwa wetu Cadno juu ya trekta,
ukauliza kwa Kiingereza cha redio,
"Unaona nini hapa?"
Nikajibu vibaya makusudi.
Ukanirekebisha. Nikarudia.
Ukanirekebisha tena, na safari hiyo
hayakuwa makusudi,
nawe hukujua, au ulijua,
maana sauti yako ilishuka kama ya mtu anayepita
chumba alimolala mtoto.
Hapo ndipo nilipojua utaiweza kazi.

Bi Vuillermoz ameandika. Atakupokea kituoni,
gari lake ni la kijani, mlango mmoja haufunguki.
Anasema wanafunzi ni wazuri
isipokuwa darasa la Alhamisi.
Barua umeisoma mpaka mikunjo imechanika,
na imechanikia hapo, penye Alhamisi.

Ishirini na nne. Tukatoa sweta la bluu, ukalivaa.
Tukatoa la kijivu, ukalivaa juu ya la bluu.
Ishirini na tatu, mshale umetulia.
Ukasimama bandani, Septemba hii, umevimba,
jasho linakutoka puani,
mikono haishuki,
umeshinda.

Treni ni saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri.
Mama yako amefunga mikate kwenye karatasi,
sita, kana kwamba Ufaransa hawaoki.
Mimi nimetoka mara mbili usiku huu
kwenda kulijaribu gari.
Linawaka.
Halina tatizo hata moja.