Swali Nje ya Studio

Simu imezima; betri haiwezi baridi ya Kishinau,
basi Ruxanda amebaki na mdomo.

Saa mbili kasoro anatoka Grigore,
poda ya kamera ingali shingoni.
"Jana ulikaa na waziri saa nzima.
Makaa ya hospitali yaliishia wapi? Mbona hukuuliza?"

Anacheka kile kicheko chake cha taarifa ya habari.
Mlinzi anasogea amwondoe, kisha anapunguza mwendo:
mamake alilazwa humo Desemba,
alilala na koti, na viatu.

"Andika utakavyo, binti."
"Nimeshaandika. Nimekuja ukanushe."

Gari linakohoa, linagoma.
"Sukuma!" Grigore anamwamuru mlinzi.

Mlinzi katia mikono mfukoni.
Theluji inajaza kioo
polepole,
hadi uso maarufu haupo.