Chai na Nini?

Daktari wa Bombo, kijana mwenye miwani kama ameazima uzee,
aliniuliza: Asubuhi umekula nini?
Nikasema: Chai.
Chai na nini?
Nikatazama vigae. Chai na chai, mwanangu.

Maana kwetu Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
chai ni jina la mlo hata mlo usipokuwepo.
Jirani akipiga hodi alfajiri, mmeshakunywa chai?,
haulizi majani. Anauliza kama mmeamka salama,
kama kuna kitu.
Nami miaka thelathini nimejibu ndiyo
kwa kikombe cha bati, sturungi nyeusi tii,
sukari vijiko vitatu, tumbo tupu,
mguu tayari kwenye cherehani.

Kiungulia kilikuja kidogo,
kama mgeni anayekaa ukingoni mwa kiti.
Kisha kikavua viatu.
Saa nne, nikikunja pindo la kanzu ya Sechambo,
kikanipanda kifuani: moto wa makumbi,
hauna mwali na hauzimiki.
Nikanywa kikombe kingine kuuzima.

Nani angeishuku chai?
Ndiyo iliyonilea. Baba yangu, Shemhilu,
alishuka kutoka kiwandani milimani kila mwisho wa mwezi,
koti likinuka majani yaliyokaushwa,
pakiti mbili mfukoni.
Majani mazuri yalipanda meli.
Sisi tulibakiziwa vumbi,
tukalichemsha mpaka likatii.
Siku tuliyomzika tulipika masufuria manne.
Kuishtaki chai ni kumshtaki yeye.

Daktari hakuyajua hayo. Aliandika vidonge,
akasema: punguza, kula kwanza, tafuta kitu laini.
Laini! Nilicheka njiani
mpaka tumbo likanikemea.

Siku ya kwanza bila chai kichwa kiligonga kama ngoma ya jirani.
Siku ya pili nilimgombeza fundi umeme asiye na kosa.
Siku ya tatu Mwanashirazi, mpangaji wa chumba cha uani,
akachuma mchaichai uliojiotea kando ya karo la kufulia,
nyasi nilizozimwagia maji ya sabuni miaka sita,
nikizifuga zinifukuzie mbu tu.
Akazifunga fundo kama nywele za mtoto, akazitumbukiza.
Maji yakageuka njano ya kanga iliyofuliwa mara mia.
Nikaonja. Nikasema: haya yameoshewa ndimu.
Akasema: kunywa, Bi Mwanakheri, hayana ugomvi na mtu.

Na kweli. Yaliteremka
kama mtu anayeijua nyumba gizani,
asiyegonga meza.

Kilichobaki ni watu.
Kwa wakwe zangu Pongwe kikombe kikishaletwa hakirudi jikoni.
Nikasema nina dawa. Wakaguna.
Nikaomba uji.
Uji? akashangaa wifi. Kwani umejifungua?
Nikajibu: ndiyo, pacha. Kiungulia na gesi.
Mama mkwe alicheka hadi akashika ukuta,
uji ukaja, mwembamba, una iliki,
na kisha, kwa sauti ya kuiba, akaninong'oneza:
hata mimi, mwanangu. Hata mimi.
Tukanywa bakuli moja.

Sasa nimefika hapa:
asubuhi muhogo kwanza, mchaichai baadaye,
siku nyingine tangawizi, kipande chembamba kama ukucha,
kwani kikizidi nacho huchoma;
si kila kitokacho shambani ni mpole.
Na Ijumaa, wali ukishatulia,
naitia chai maziwa mengi, nusu kikombe,
nakaa nayo.
Siinywi haraka. Kwanza naivuta puani:
koti la baba, lori la milimani, mvua.
Jumamosi nyingine tumbo hulalamika,
nyingine husamehe. Hatujaandikiana mkataba.

Jirani bado anapiga hodi: mmeshakunywa chai?
Tumekunywa, najibu. Karibu.
Na safari hii kwenye sahani kuna muhogo.