Mshale Umeasi

Nauelekeza kushoto, wenyewe kulia;
nautuliza, unaruka kama dagaa ndooni.
Safu nzima ya magunia ya Ukerewe
imefutika, na sikuifuta mimi.

Nimepangusa kibao kwa ncha ya khanga.
Nimenawa kwa limau, shombo la mwalo likabaki.
Nimeizima laptopu, nimeiwasha. Nikachomoa chaja,
ikatulia. Dakika nne. Kisha yale yale.

Kwilasa wa Makoroboi hakuuliza kitu.
Aliilaza mezani, akabonyeza pembe:
ikapepesuka.
"Dada, usiigombeze."
Akafungua skrubu tisa; ya kumi haikuwepo.

Betri imevimba.
Tumbo la rangi ya fedha, limejaa pumzi,
linakisukuma kibao kutoka chini,
linagusa pale ninapogusa.

Nami miezi yote nilivishuku vidole vyangu.
Hata Bi Nyanzobe mwenye mzigo nilimwomba radhi:
ni mkono wangu, mama, mzito.

Betri mpya elfu sitini na tano. Sina.
Ile ya zamani ameiweka nje, juu ya jiwe,
mbali na watoto.

Sasa naandika kwa umeme wa ukutani,
mshale unatii kila nitakalo.
Usikatike, we umeme wa Kirumba.
Niko gunia la mia mbili na sita.