Mfuo wa Kamba

Jumatano ya Majivu, misa ya alfajiri,
mimi ndiye niliyeshika kisahani.
Padri alichovya kidole gumba, akachora,
akachora tena, paji baada ya paji,
la mwalimu, la fundi cherehani, la muuza sambaza.
Alipofika kwa Nankafu kidole kilisita.
Palikuwa na mfuo pale, sikio hadi sikio,
kama njia ya mbuzi kwenye mteremko wa Nyamugo.
Majivu yakazama humo.
Mkono mmoja wa msalaba
ulikuwa umeshachongwa.

Mimi ni katekista. Miaka kumi na tisa
nawafundisha watoto wa Kadutu neno *kutumikia*:
naliandika kwa chaki, nalipigia mstari,
nauliza maana yake, wananijibu kwa sauti moja,
nami narudi nyumbani nimeridhika,
shati jeupe, mikono imejaa vumbi la chaki tu.

Kumbe neno lenyewe lilikuwa linapanda mtaa wetu kila asubuhi,
limeinama,
gunia la mihogo mgongoni, kamba kwenye paji,
toka Muhanzi mitumbwi ya Idjwi inapotua
hadi sokoni juu,
matope ya Machi yakinyonya kila kandambili.
Nilikuwa nalipisha njia.
Nilidhani hiyo ndiyo adabu.

Usiku ule mvua ilikata barabara.
Pikipiki zilikataa kupanda.
Mjane Nsimire alikuwa mkekani, homa imemla hadi mifupa;
Nsimire huyo huyo aliyemwita Nankafu punda,
bombani, mbele ya wanawe.
Shirika zima tulisimama mlangoni na mwanga wa simu.
Tulisali. Sala ilikuwa ndefu, ilikuwa nzuri,
niliiongoza mimi.
Nankafu akaingia, kitenge kinachuruzika maji,
akapiga magoti kando ya mkeka.
Nikasogea kumpa nafasi katika sala.
Hakuja kusali.
Alikuwa anatugeuzia mgongo
ili tumpandishe mgonjwa.

Wakashuka gizani, mmoja juu ya mwingine,
nasi nyuma yao tukimulika,
tukiimba kidogo, kisha tukinyamaza.
Hospitalini muuguzi akauliza: ndugu wa mgonjwa ni nani?
Akajibu, "Miye mubebaji tu,"
akakunja kamba yake, akaondoka.

Asubuhi nilimshukuru.
"Njia ilikuwa moja, Baba."
Haikuwa moja. Yeye analala Buholo,
hospitali iko upande mwingine kabisa wa mji.

Jumamosi nikamwomba kamba.
Alicheka hadi akaketi juu ya gunia.
"Iko muzito. Anza na nusu."
Nusu hiyo sikuifikisha kona ya tatu.
Lakini nilijifunza jambo ambalo ubao haukuniambia:
ukiinama hivyo huoni madirisha ya watu,
huoni nani anakutazama,
hata kanisa kubwa pale juu huoni mnara wake.
Unaona visigino vya aliye mbele yako.
Ukucha uliopasuka. Tope katikati ya vidole.
Nikakumbuka beseni, nikakumbuka taulo,
na Yule aliyeinama usiku wake wa mwisho mezani;
labda naye aliona hayo tu,
visigino, kumi na wawili mara mbili,
vya Yuda vikiwemo,
na havikuwa na jina.

Jumapili shingo ilikataa kugeuka.
"Baba, uko na nini kwa paji?" watoto wakauliza.
Chaki ilikuwa mkononi. Sikuandika kitu.

Kufika Jumanne alama yangu ilikuwa imefutika,
ngozi laini tena, kama si mimi.
Yake ingalipo.
Leo kabla ya jua nimeshuka Muhanzi.
Amenitazama, ametazama viatu vyangu,
amenirushia kamba
bila kusema neno.