Mpira Uliolala Nje

Erdenet, Januari, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Tuguldur anaudundisha mpira wa kikapu: pu.
Haurudi. Umekaa thelujini kama andazi la juzi.

"Umeutoboa," anamwambia dada yake.

Namuun hajibu. Anaubonyeza kwa kidole gumba,
anautafuta mluzi mwembamba wa tundu
kwa sikio, kwa shavu, kisha kwenye beseni la maji.
Hakuna hata kiputo.

Anauweka juu ya bomba la joto, chini ya dirisha,
kati ya buti za baba na soksi zinazofuka mvuke.
Pampu iko kabatini. Haiguswi.
Chai ya chumvi na maziwa inachemka, inamiminwa,
na ngozi ya mpira inajinyoosha,
mikunjo inafutika,
jina la timu linasomeka tena.

Hewa haikwenda popote. Ilikuwa mle mle,
imepoa tu, imelegea,
haina nguvu ya kusukuma kuta.

Namuun anaudundisha sakafuni: du, du, du,
mpaka jirani wa chini anagonga bomba.

Tuguldur anafunga kamba za viatu,
muda mrefu mno kwa kamba mbili.
"Haya, twende," anasema. "Uanze wewe."